Macho makavu kwa wanaolala na CPAP Dodoma: urekebishe barakoa, uongeze unyevu, utie matone au ufunike macho?

Mtu anaanza kutumia CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya usoni ili koo lisizibe usingizini, kukoroma kunakoma, usingizi unarudi, na mchana hasinzii tena kazini. Kisha macho yanaanza. Anaamka yakiwa mekundu, yanachoma, tongotongo zimeganda pembeni, na hayatulii mpaka saa nne asubuhi. Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaoifungia mashine kabatini, na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini unarudi palepale pamoja na shinikizo la damu linaloandamana nao. Wengine hukimbilia duka la dawa na kununua matone yoyote watakayopewa. Matone hayo hutuliza kwa nusu saa, wakati kinachokausha jicho kinaendelea usiku kucha.

Kwa anayeishi Dodoma tatizo linakuwa zito zaidi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni za Desemba hadi Aprili, na miezi mingine yote hewa ni kavu. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa kusini-mashariki hauna mapumziko, na vumbi linaingia ndani hata dirisha likiwa limefungwa. Jicho linapanda kitandani likiwa tayari limechoka, kwa hiyo hewa kidogo tu inayolipuliza usiku, ambayo mtu wa Tanga asingeihisi, huku inatosha kulikausha.

Njia za kukabiliana nalo ni nne. Hazishindani, kwa kuwa kila moja inatibu chanzo chake. Anayechagua bila kujua chanzo anabahatisha.

Vigezo tulivyotumia

Kila njia tumeipima kwa maswali yaleyale: inagusa chanzo gani, inafanywaje, inahitaji nini (fedha, umeme, maji, upatikanaji), inakwama wapi, na inamfaa nani.

Kwanza, ukavu unatoka wapi?

Tenga jioni moja kwa uchunguzi kabla ya kutoa hata shilingi.

Vaa barakoa, lala kama unavyolala siku zote, washa mashine na usubiri presha ya hewa ipande hadi kiwango chako cha usiku. Fumba macho. Lowesha mgongo wa kidole, kisha upitishe taratibu kutoka pembe ya ndani ya jicho moja, juu ya mwamba wa pua, hadi jicho la pili. Kidole chenye maji kinahisi uzi mwembamba wa hewa ambao kidole kikavu hakiuhisi. Geuka ubavu wa kushoto, rudia. Geuka wa kulia, rudia. Barakoa nyingi hazivuji ukilala chali, zinavuja pale mto unapoisukuma pembeni.

Usitegemee namba ya uvujaji kwenye ripoti ya mashine peke yake. Kwa mashine za ResMed, kwa mfano, uvujaji unahesabiwa kuwa mkubwa ukizidi lita 24 kwa dakika. Kipimo hicho kimewekwa ili kujua kama tiba ya pumzi inaharibika, hakijawekwa kwa ajili ya macho. Uzi wa hewa unaoelekea jichoni usiku mzima unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba ripoti inasema kila kitu ni shwari.

Kama barakoa haivuji popote lakini pembe ya ndani ya jicho inatoa viputo, au unahisi hewa inatokea ndani, basi inapanda kupitia mfereji wa machozi, ule unaounganisha jicho na pua. Hili huwapata zaidi watu waliowahi kufanyiwa upasuaji wa kufungua mfereji huo, ingawa wengine nao wanalo.

Chanzo cha tatu ni kope zisizofunga vizuri. Mwombe mwenzako akuangalie ukishapitiwa na usingizi, akimulika tochi kutokea pembeni, asikumulike usoni. Akiona mstari mweupe kati ya kope ya juu na ya chini, jicho liko wazi. Tena, wenye kukatika pumzi usingizini wamo miongoni mwa watu ambao kope zao za juu huwa teketeke, zikijipindua zinaposuguliwa na mto. Dalili yake ni jicho la upande unaolalia kuwa baya kuliko la pili, na kutoa utelezi mzito asubuhi.

Chanzo cha nne ni jicho lililokuwa na tatizo kabla ya mashine kuingia nyumbani. Ukavu wa CPAP huwa mkali alfajiri na hupungua kadiri siku inavyokwenda. Ukiona macho yanazidi kuuma kuelekea jioni, chanzo kiko kwingine. Chunguza dawa unazotumia: klofeniramini na setirizini za mafua na mzio, amitriptilini, na baadhi ya dawa za kukojosha zinapunguza machozi. Na kwa mkoa huu kuna jambo ambalo haifai kulipita. Trakoma imekuwa ugonjwa wa ukanda wa kati kwa muda mrefu, na Kongwa imefanyiwa utafiti wake kwa miongo kadhaa. Mtu mzima aliyekulia vijijini huku anaweza kuwa na kope zilizogeukia ndani, zinazokwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Hizo hazitibiwi kwa barakoa wala kwa matone. Kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa au ya hospitali ya Mvumi italiona hilo kwa dakika chache.

Njia ya 1: Kurekebisha au kubadilisha barakoa

*Inagusa chanzo gani.* Hewa inayovujia machoni kutoka kwenye mwamba wa pua. Ndicho chanzo tunachoshauri kianze kukaguliwa, kwa sababu marekebisho yake ya kwanza hayana gharama.

*Inafanywaje.* Kosa la kawaida ni kukaza. Mtu anahisi hewa jichoni, anavuta mikanda ya juu, na uvujaji unazidi. Sababu ni kwamba silikoni ya barakoa nyingi ina kuta mbili: ule mwembamba wa ndani hujazwa na hewa ya mashine na kujibandika usoni wenyewe. Ukiubana, unakunjamana, na mkunjo wa kwanza hutokea pembeni mwa mwamba wa pua, chini kidogo ya jicho.

Fanya hivi: legeza mikanda yote, lala, washa mashine. Ivute barakoa kidogo mbali na uso mpaka silikoni ijae hewa, kisha iachie ikae yenyewe. Kaza mikanda ya chini kwanza, kushoto na kulia kwa pamoja, halafu ya juu, kidogokidogo mpaka hewa ikome. Kidole kimoja kipite chini ya mkanda bila kulazimisha. Ukiamka na alama nyekundu zisizofutika ndani ya nusu saa, umekaza mno.

Ngozi nayo ina sehemu yake. Wakati wa kipupwe watu wengi huku hujipaka mafuta ya mgando au ya nazi usoni kabla ya kulala, na silikoni haishiki kwenye mafuta. Jipake mapema jioni, kisha nawa kwa sabuni eneo la pua na mashavu kabla ya kuvaa. Silikoni yenyewe ioshwe kila asubuhi kwa maji vuguvugu na sabuni laini, ikaushwe kivulini. Jua la Dodoma huikakamaza.

Marekebisho yakishindikana, fikiria aina nyingine. Barakoa ndogo yenye vifundo viwili vinavyokaa kwenye matundu ya pua haigusi mwamba wa pua kabisa, kwa hiyo njia ya hewa kwenda jichoni inakatika. Anayepumulia mdomo zipo zinazofunika mdomo na kukaa chini ya pua badala ya kupanda juu yake.

*Inahitaji nini.* Kurekebisha ni bure. Kubadilisha kunagharimu, na hapa ndipo penye ugumu: barakoa nyingi hununuliwa Dar es Salaam au kuagizwa nje, na ikishavaliwa ni nadra kurudishwa. Kabla ya kuagiza, hakikisha una jina kamili la barakoa yako na saizi yake, kwa sababu silikoni ya saizi nyingine haiingii, na uliza kama silikoni peke yake inauzwa. Mara nyingi kilichochakaa ni hiyo tu. Ikitumiwa kila usiku, hulegea baada ya miezi kadhaa: ukiishika kwenye mwanga unaona imekuwa ya njano na kingo zake hazirudi zikibonyezwa.

*Inakwama wapi.* Vifundo vya puani huwasumbua baadhi ya ambao mashine yao imewekwa presha ya juu ya hewa, na havimfai anayelala mdomo wazi. Ndevu huvujisha barakoa kubwa. Anayevua meno ya bandia usiku mashavu yake hubadilika, basi ajaribu barakoa akiwa ameyavua. Na usizibe vitundu vidogo vya barakoa ukidhani ndivyo vinavyovuja. Hivyo hutoa hewa uliyokwisha kuipumua, na ukiviziba unaivuta tena. Angalia tu vinaelekea wapi, maana blanketi lililovutwa hadi kidevuni linaweza kuirudisha hewa hiyo machoni mwako, au ikawa inampuliza mwenzako.

*Inamfaa nani.* Aliyehisi hewa kwenye jaribio la kidole, na yeyote ambaye silikoni yake imezeeka.

Njia ya 2: Tangi la unyevu na bomba la joto

*Inagusa chanzo gani.* Pua kavu, na kwa kupitia pua, macho. Watu wengi hukosea hapa. Unyevu wa tangi, yaani chombo cha maji cha mashine kinacholowesha hewa unayovuta, hauzuii hewa kupuliza jicho, unapunguza tu ukali wake. Faida kubwa iko puani: pua ikikauka inaziba, ikiziba mdomo unafunguka, mdomo ukifunguka barakoa inacheza na kuvuja. Kwa mtu wa namna hiyo unyevu unaweza kuondoa tatizo la macho bila kugusa macho.

*Inafanywaje.* Anza katikati ya kipimo. Kama mashine ina ngazi 1 hadi 8, weka 4. Panda ngazi moja kila baada ya usiku mbili au tatu mpaka pua isiamke kavu. Juni na Julai chumba kikipoa alfajiri, mvuke hugeuka maji ndani ya bomba na kukudondokea puani. Shusha ngazi moja, pitisha bomba chini ya blanketi au livishe soksi ndefu ya kitambaa, na mashine ikae chini ya usawa wa kichwa ili maji yarudi tangini.

*Inahitaji nini.* Maji na umeme, vitu viwili vinavyohitaji mpango hapa. Maji ya visima yanayotumika sehemu nyingi za Dodoma yana chumvi, na huacha ukoko mweupe kwenye tangi ndani ya muda mfupi. Yanayotakiwa ni maji yaliyotoneshwa (distilled water), yasiyo na chumvi. Maji yanayouzwa gereji kwa ajili ya betri usiyatumie hata muuzaji akikuapia ni yaleyale, kwani chupa zake huchanganywa na za tindikali. Ukikwama kwa siku chache, tumia maji ya chupa ya kunywa yaliyochemshwa na kupozwa, ukijua kwamba kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Yaliyobaki mwaga kila asubuhi, tangi likauke. Ukoko unatoka kwa siki sehemu 1 kwa maji sehemu 10: loweka dakika kumi, suuza vizuri.

Kuhusu umeme, kikanza kinachopasha maji ya tangi joto ndicho kinachokula zaidi, kuliko hata feni ya mashine. Unapotumia betri au sola umeme ukikatika, kizime. Maji yaliyomo tangini yataendelea kutoa unyevu kiasi bila joto.

*Inakwama wapi.* Barakoa ikivuja jichoni, ukipandisha unyevu unapata tu upepo wenye majimaji. Tangi lisilosafishwa huota utando unaoteleza, na ukavuta kilichomo humo. Kagua na chujio la hewa la mashine kila wiki. Mitaa yenye barabara za vumbi hulifanya la kijivu mapema kuliko kitabu cha mashine kinavyosema.

*Inamfaa nani.* Anayeamka na koo na pua vikavu pamoja na macho, na anayeona tatizo linaanza Mei na kupotea mvua zikinyesha.

Njia ya 3: Machozi bandia, jeli na dawa ya macho ya mafuta

*Inagusa chanzo gani.* Uso wa jicho wenyewe. Inalinda na kutuliza, na kwa mwenye jicho kavu tangu zamani ni tiba ya kweli. Kwa mwenye barakoa inayovuja ni msaada wa muda.

*Inafanywaje.* Nawa mikono. Vuta kope ya chini, dondosha tone moja tu kwa kuwa jicho halihifadhi zaidi, fumba taratibu dakika moja huku ukibonyeza pembe ya ndani kwa kidole. Matone mepesi hayadumu usiku. Ya kulala nayo ni jeli, au dawa ya mafuta isiyo na kitu kingine ndani yake. Mafuta yanawekwa kiasi cha punje ya mchele ndani ya kope ya chini, jambo la mwisho kabla ya kuzima taa, maana yanafifisha macho. Usizidishe. Yanayofurika hutiririka hadi kwenye barakoa, silikoni inateleza, na unaamka na uvujaji ambao jana haukuwepo. Tone jingine la machozi bandia litiwe asubuhi kabla ya kufikicha macho, si baada yake.

*Inahitaji nini.* Matone ya kawaida yanapatikana famasi nyingi mjini, na bei yake inabebeka kuliko barakoa. Soma boksi: mengi yana kihifadhi kinachoitwa benzalkonium chloride, ambacho chenyewe huudhi jicho likitiwa mara nyingi. Ukihitaji zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi. Chupa ya kawaida ikifunguliwa, andika tarehe juu yake na uitupe baada ya siku 28, hata kama imebaki nusu.

*Inakwama wapi.* Tatizo kubwa la njia hii ni dawa isiyo sahihi. Ukisema "macho yanauma" dukani unaweza kupewa yenye deksamethasoni. Inatuliza haraka sana, ndiyo maana watu huirudia, na ikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi inapandisha shinikizo la ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Tyubu ya tetrasaikilini iliyobaki nyumbani ni ya maambukizi, si ya ukavu. Matone ya kuondoa wekundu hukausha zaidi na wekundu hurudi ukiyaacha. Asali, maziwa ya mama na majani yaliyotwangwa visiguse jicho kavu. Ngozi ya kioo chake tayari ina michubuko, na kidonda cha hapo kinaweza kuacha kovu jeupe la kudumu.

*Inamfaa nani.* Mwenye ukavu wa mchana pia, anayetumia dawa zinazokausha ambazo daktari hawezi kuzibadilisha, na yeyote anayesubiri barakoa mpya ifike.

Njia ya 4: Kufunika macho

*Inagusa chanzo gani.* Kope zisizofunga, na upepo wa nje: feni, kiyoyozi, dirisha.

*Inafanywaje.* Vipo vifuniko laini vya silikoni au sponji vyenye umbo la miwani ya kuogelea, vinavyohifadhi unyevu kuzunguka jicho bila kugusa kope. Vivae kwanza, barakoa baadaye, kisha rudia jaribio la kidole.

*Inahitaji nini.* Haihitaji umeme wala maji. Si rahisi kuvikuta madukani hapa. Kwa kawaida huagizwa.

*Inakwama wapi.* Kifuniko na barakoa vinagombea mwamba wa pua. Mwenye barakoa ya vifundo hana shida. Mwenye barakoa kubwa mara nyingi hulazimika kuchagua kimoja. Kitambaa cha kawaida cha kulalia ni rahisi kupata, lakini kikisogea hulala juu ya jicho lililo wazi na kulikwaruza. Kubandika kope kwa plasta ya karatasi kunafanyika, ila ufundishwe kwanza kliniki, kwa sababu plasta ikifunga wakati kope haijafumba, ndiyo inayochubua kioo cha jicho. Kitambaa kilicholoweshwa maji hakifai kwa usiku mzima.

*Inamfaa nani.* Yule ambaye tochi imeonyesha mstari mweupe, na anayelala kwenye upepo wa feni asiyoweza kuizima.

Vipi kuhusu kupunguza presha?

Presha ya CPAP, inayoanzia 4 hadi 20 kwa kipimo cha sentimita za maji, iliwekwa kufungua koo lako. Ikishushwa hovyo macho yatapona na pumzi itaanza kukatika tena. Hata hivyo kuna wanaohitaji marekebisho ya kweli, hasa wenye hewa inayopanda kwenye mfereji wa machozi. Peleka kadi ya kumbukumbu ya mashine au ripoti yake kwa daktari aliyekuandikia tiba, naye aamue kuhusu presha na kulegezwa kwake unapotoa pumzi.

Uchague ipi kwa hali yako?

Ukihisi hewa kwenye kidole, anza na barakoa na uipe wiki moja kabla ya kuongeza jambo jingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kilichosaidia.

Pua na koo vikiwa vikavu pia, anza na unyevu. Kama umeme wenu hukatika mara kwa mara, weka maji bila joto, na beseni la maji au taulo mbichi chumbani vitasaidia kidogo. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya baridi. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo iache, kwa kuwa mashine inavuta moshi na macho yanaupata, chandarua kinatosha.

Barakoa ikiwa haivuji na kope zikiwa wazi, funika, na jeli ya usiku iende sambamba na kifuniko. Jicho la upande mmoja likizidi, jaribu kulalia upande wa pili kwa siku kadhaa, kisha kamwone daktari wa macho akague ulegevu wa kope.

Bajeti ikiwa ndogo, fuata mpangilio huu: legeza mikanda, osha silikoni na uso, geuza feni isikupulize, nunua machozi bandia, halafu weka akiba ya silikoni mpya.

Mwenye lenzi za macho azivue kabla ya kulala bila kukosa. Aliyefanyiwa upasuaji wa macho, pua au sinasi karibuni aulize kwa daktari wake kabla ya kuwasha mashine.

Na kama kuna maumivu makali, mwanga unakuumiza, kuona kumepungua, usaha unatoka, au doa jeupe limeonekana kwenye jicho jeusi, hakuna njia kati ya hizi nne inayokuhusu leo. Nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo, na ubebe barakoa yako mkononi ili daktari aone inapokaa usoni.